Mwongozo wa kusafiri hali ya hewa ikiwa haieleweki, kuanzia kupanga begi mpaka kukausha viatu

Kiukweli mvua yenyewe wala sio tatizo kubwa, tatizo ni mtu kupanga safari kama vile mbingu imemuahidi kitu. Anakata tiketi ya basi la saa nne, anatakiwa kuunganisha usafiri mwingine saa sita, kikao saa nane kamili, alafu mvua ya nusu saa tu inaangusha mpango wote na lawama zinaenda kwa watu wa utabiri. Ukifuatilia safari nyingi zinavyoharibikaga utakuta vilivyokosekana ni vitu viwili, muda wa ziada na nguo kavu. Ukiwa navyo, karibu kila balaa la njiani linaishia kuwa usumbufu tu wa kusimulia baadae. Kwaiyo humu ndani ukiona nazirudia soksi kavu kila baada ya aya mbili usichoke, kuna sababu.

Hatua ya 1: Soma utabiri, usiangalie kale kapicha ka wingu tu

Watu wengi wanafungua simu, wanaona kapicha ka wingu na matone, basi wameahirisha. Au wanaona kajua wanaacha koti nyumbani. Kapicha kale kanajaribu kufupisha saa 24 kwenye mchoro mmoja, yaani inaweza kunyesha saa tisa usiku umelala na kapicha bado kakaonyesha mvua kwa siku nzima. Ingia ndani uangalie saa kwa saa.

Alafu ile asilimia. Ukiona 40% haimaanishi mvua itanyesha kwa 40% ya siku, wala haimaanishi itakuwa ndogo. Maana yake ni kwamba siku kumi zenye utabiri kama huo, nne kati yake utanyeshewa pale ulipo na sita hutanyeshewa. Kwaiyo ukinyeshewa siku ya 40% hakuna aliyekudanganya. Cha kuangalia sambamba na asilimia ni kiasi, ile namba ya milimita. Milimita 1 ya mvua ni lita 1 ya maji kwenye kila mita ya mraba ya ardhi, asa piga hesabu mwenyewe milimita 30 zikishuka ndani ya saa moja barabara itakuwaje. Milimita 2 kwa siku nzima hizo ni rasharasha, usiahirishe kitu.

Tatu, angalia utabiri ni wa siku ngapi mbele. NOAA, taasisi ya Marekani inayoshughulika na bahari na hali ya hewa, inasema utabiri wa siku 5 mbele unakuwa sahihi karibu 90%, wa siku 7 karibu 80%, na wa siku 10 au zaidi ni nusu kwa nusu, sawa na kurusha shilingi juu. Sio uzembe wa mtu. Mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz alishaonyesha mwaka 1963 kwamba kosa dogo sana kwenye vipimo vya mwanzo linakua na kukua mpaka baada ya siku kadhaa jibu linakuwa kitu kingine kabisa. Kwaiyo ile tabia ya kuangalia hali ya hewa ya wiki tatu zijazo na kuanza kuhuzunika, achana nayo. Angalia siku tano kabla ili upate picha, angalia jioni ya kuamkia safari ili ufunge begi, angalia tena asubuhi kabla hujafunga mlango. Inatosha.

(Lawama kwa watabiri nazo ni za zamani bwana. Robert FitzRoy, yule aliyeanzisha utabiri wa kila siku gazetini kule London mwaka 1861, alikebehiwa weee kila alipokosea, na hapo alikuwa anatumia taarifa za telegrafu tu.)

Na kitu ambacho karibu kila mtu anasahau: anaangalia hali ya hewa ya anakotoka na anakoenda, katikati hapaangalii. Kama njia inapanda milima, joto linashuka kwa wastani wa nyuzi 6 na nusu kwa kila mita 1000 unazopanda. Umeondoka chini kuna nyuzi 28 na kishati chako chepesi, basi linapata pancha kwenye mwinuko wa mita 2000, hapo utakuta nyuzi 15 na upepo juu na sweta iko kwenye begi, begi liko kwenye buti, buti limefungwa na mwenye ufunguo kaenda kutafuta jeki.

Hatua ya 2: Panga begi ukijua litalowa

Usijiulize "je litalowa?", we chukulia limeshalowa. Begi linalouzwa kwa jina la "haliingii maji" linaingia maji kwenye zipu na kwenye mishono, na hata lile koti la begi la kuvalisha juu halizuii maji yanayotiririka mgongoni mwako na kuingilia upande wa nyuma. Dawa yake ni rahisi tena haina gharama: mfuko mkubwa wa plastiki NDANI ya begi, vitu vyote viingie humo, ukunje mdomo wake. Begi likilowa nje ni sawa, ndani mambo safi.

Humo ndani tenga kifurushi kimoja kidogo, nakiita kifurushi cha dharura, chenye mfuko wake peke yake: soksi, nguo za ndani, fulana, chaja, dawa kama unatumia, na nakala ya nyaraka. Hiki hakifunguliwi mpaka ufike au mpaka mambo yaharibike. Na hiki kinakaa nawe, hakiendi kwenye buti wala kwenye mizigo ya ndege. Watu wanachanganya hapa, wanaweka nguo zote kwenye sanduku kubwa alafu mkononi wanabeba vitu vya kupitishia muda. Sanduku likichelewa siku mbili utazivaa hizo hedifoni?

Nguo. Pamba ni tamu kwenye jua lakini ikilowa inanyonya maji, inakuwa nzito, inakauka kwa mbinde na inakunyang'anya joto la mwili. Jinzi ndio usiseme, jinzi iliyolowa asubuhi bado ina unyevu usiku. Siku ya mvua vaa kitambaa chepesi cha nailoni au poliesta, au sufu kama kuna baridi, maana sufu inatunza joto kidogo hata ikiwa na unyevu. Na usidhani mpaka kuwe na barafu ndio mwili upoe vibaya. Nyuzi 10 hivi pamoja na mvua na upepo zinatosha kabisa kumfanya mtu atetemeke mpaka ashindwe kufunga vifungo.

Mwamvuli au koti? Kama ni kutembea mjini na hakuna upepo, mwamvuli. Kama kuna upepo, mwamvuli utakudhalilisha mbele za watu, utageuka juu chini na vyuma vyake vitatoka. Koti lenye kofia linaacha mikono yako huru kubeba mizigo na kushika vyuma vya basi, mimi kwa safari naenda na koti na sina mjadala. Ila koti lisilopitisha hewa kabisa nalo linakulowesha kwa ndani kwa jasho, unafika umelowa vilevile, kwaiyo tafuta lenye matundu kwapani au fungua zipu kidogo ukitembea.

Kitu cha mwisho kabla hujafunga, piga picha begi lenyewe na vilivyomo. Utanishukuru kwenye hatua ya ndege.

Hatua ya 3: Weka muda wa kupotea

Kama unaweza kuchagua, safiri asubuhi. Zipo sababu mbili za kweli. Ya kwanza, sehemu nyingi radi na mvua kubwa zinajikusanya mchana kwenda jioni, jua likishachemsha ardhi na hewa ya moto imepanda juu kutengeneza mawingu marefu. Ya pili, ucheleweshaji unarithishana. Basi au ndege iliyochelewa dakika 40 asubuhi inachelewa na safari inayofuata, na inayofuata, mpaka jioni mmechelewa kwa saa tatu nzima. Wa asubuhi anakuta chombo kimelala pale pale, kinaondoka.

Usipande usafiri wa mwisho wa siku kama kesho yake asubuhi una jambo lisilosubiri. Wa mwisho ukifutwa ndio umelala stendi. Na ukiunganisha safari mbili, acha nafasi ambayo ukiambiwa ya kwanza imechelewa saa nzima hutapiga simu unalia. Kama haikuchelewa, basi, kaa chini, chaji simu.

Hatua ya 4: Kutoka mlangoni wakati kunanyesha

Hapa kuna kanuni moja nzuri sana: mvua kubwa isubiri, rasharasha ondoka nayo. Mvua inayokuja kwa kishindo na ngurumo mara nyingi inatoka kwenye wingu moja refu na wingu la namna hiyo likiwa peke yake huishi kama nusu saa mpaka saa moja tu. Ila ile inayodondoka taratibu kutoka kwenye mbingu ya kijivu iliyotandazwa kila upande inaweza kukaa siku nzima, ukiisubiri utasubiri mpaka usahau ulikuwa unaenda wapi. Watu wanafanya kinyume: wanakimbilia nje kwenye ile kubwa kwa sababu wamechelewa, na wanasubiri kibarazani ile ndogo isiyoisha.

Dalili ya mvua ni mawingu, sawa, lakini dalili ya mvua ya sasa hivi ni upepo wa baridi wa ghafla. Unasikia kulikuwa na fukuto, mara kaupepo ka baridi kakali kanainua vumbi na takataka, hiyo ni hewa iliyopozwa na mvua inayoshuka kutoka kwenye wingu lenyewe na imeitangulia mvua. Hapo una dakika chache, ingia mahali. Na ile harufu ya udongo pia, wakati mwingine inakufikia kabla ya tone la kwanza kwa sababu upepo umeibeba kutoka kunakonyesha.

Je ukimbie au utembee? Kwa umbali uleule, anayekimbia analowa kidogo kuliko anayetembea. Lakini sakafu ya vigae iliyolowa, ngazi za chuma, mistari myeupe ya barabarani na mifuniko ya mitaro inateleza vibaya, na kulowa ni bora mara mia kuliko kuvunja kiuno mbele ya stendi. Tembea haraka, hatua fupi, mikono isiwe mfukoni.

Alafu dimbwi. Usikanyage maji usiyoona chini yake, kwa sababu mfuniko wa mtaro ukiwa umeondolewa maji yanaonekana sawasawa na ya pembeni. Na ukiona dimbwi refu pembeni ya barabara, angalia gari linalokuja kwanza kabla hujapita, simama nyuma ya nguzo, liache lipite. Dereva hatakuonea huruma, mara nyingi hata hajakuona.

Hatua ya 5: Barabarani

Hii ndio hatua ya kusoma mara mbili, hizo nyingine ni usumbufu, hii inaua.

Dakika za kwanza za mvua baada ya siku nyingi za ukame ndio mbaya kuliko zote, maana mafuta na vumbi na mabaki ya tairi vilivyolala kwenye lami vinachanganyika na maji kidogo vinakuwa utelezi mtupu. Mvua ikiendelea vinaoshwa. Lakini madereva wengi wanapunguza mwendo mvua ikishakuwa kubwa, mwanzoni wanajiona bado. We punguza tone la kwanza likigonga kioo. Umbali kati yako na gari la mbele uongeze mara mbili, kama kwenye lami kavu ulikuwa unahesabu sekunde 2, hesabu 4.

Gari likianza kuelea juu ya maji utajua, usukani unakuwa mwepesi ghafla kama haujaunganishwa na kitu. Usikanyage breki kwa nguvu, usikate kona. Ondoa mguu kwenye mafuta taratibu, shika usukani unyooke, tairi zitashika zenyewe mwendo ukishuka.

Ukungu: washa taa za chini, sio fulu. Taa za fulu zinagonga vile vitone vya maji hewani zinakurudia machoni, unatengeneza ukuta mweupe wewe mwenyewe. Na hii ya kuwasha hazadi huku unatembea, jamani, kwenye magari mengi hazadi zikiwaka indiketa haionekani tena, na wa nyuma hajui kama umesimama au unaenda. Hazadi ni za aliyesimama. Kama huoni kabisa, toka barabarani kabisa, mbali, sio kusimama ukingoni ambako mwingine anafuata taa zako akidhani unaenda.

Vioo vikifunga mvuke kwa ndani, usifute kwa kiganja, unapaka mafuta ya mkono. Washa AC pamoja na hewa ya moto kuelekea kioo cha mbele, na zima ile batani ya kuzungusha hewa ya ndani ili hewa ya nje iingie. AC inakausha hewa ndio maana inafanya kazi hata kukiwa na baridi. Kama gari halina AC, shusha vioo vya pembeni kidogo, mtalowa mabega lakini mtaona njia.

Asa maji yanayokatiza barabara. Sentimita 15 za maji yanayokimbia, yaani juu kidogo ya kifundo cha mguu, zinaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinaweza kulibeba gari dogo. Sentimita 60 zinabeba magari mengi, pamoja na yale makubwa ambayo wenyewe wanayaona kama vifaru. Gari ni sanduku lenye hewa, linaelea, uzito wake hausaidii kama unavyodhani. Na tatizo la pili ni kwamba hujui kama barabara bado ipo chini ya yale maji, inaweza kuwa imeshamegwa. Kuona mwenzako amepita sio ushahidi, maji yanapanda kwa dakika, na yeye alipita kabla yako. Usiku ndio usijaribu kabisa kwa sababu hata kina huoni.

Kama we ni abiria na dereva anataka kupita, sema. Sema kwa sauti na uwaombe wenzako waseme. Ukishindwa, omba kushuka. Utaonekana muoga, utachekwa, sawa. Kwenye pikipiki ni rahisi zaidi, unashuka tu unamlipa alipokufikisha.

Hatua ya 6: Radi

Ukiona mwanga hesabu sekunde mpaka usikie ngurumo, gawanya kwa 3, hizo ni kilomita. Sekunde 9, kilomita 3. Ila kiukweli hesabu hiyo ni ya kujifurahisha, kama unasikia ngurumo basi radi inaweza kukufikia ulipo, hata kama juu yako hakuna mvua. Ingia ndani ya jengo lenye kuta, au gari lenye bodi ya chuma na vioo vimepandishwa. Watu wanasema ni tairi za mpira zinazokinga, hapana, ni ile bodi ya chuma inayopitisha umeme kwa nje mpaka chini, ndio maana pikipiki ina mpira vilevile na haikukingi chochote.

Kibanda cha wazi cha kusubiria basi hakihesabiki. Mti ndio kabisa, usiuegemee. Baada ya ngurumo ya mwisho subiri dakika 30 kabla ya kutoka, na dakika 30 zinaanza upya kila ukisikia nyingine. Zinachosha, najua.

Hatua ya 7: Joto nalo ni hali ya hewa

Tunajiandaa na mvua tu, jua tunalisahau mpaka tukiwa tumeshakaa upande wake kwenye basi kwa saa sita. Kabla ya kuchagua siti piga hesabu ndogo: asubuhi jua liko mashariki, ukielekea kaskazini linakupiga kulia, ukielekea kusini linakupiga kushoto. Mchana kwenda jioni linahamia magharibi, geuza. Kama safari inaanza asubuhi na kuisha jioni kwenye uelekeo uleule, chagua upande ambao saa za kuanzia saa saba mchana utakuwa kivulini, maana hizo ndio zinachoma. Siti moja tu umechagua na safari nzima imebadilika, sijui kwanini watu hawafanyi.

Jasho linakupoza pale linapokauka tu. Ndio maana nyuzi 32 kwenye hewa kavu unavumilia na nyuzi 32 zilezile kwenye unyevunyevu unahisi unakufa, jasho linatoka lakini halikauki. Kunywa maji kidogo kidogo kabla kiu haijakukamata. Wengine hawanywi kabisa kwa kuogopa kukosa choo njiani, naelewa, lakini kunywa taratibu tangu asubuhi na uulize vituo viko wapi, kuliko kukaa mkavu siku nzima alafu kumaliza chupa nzima kwa mkupuo.

Mtoto asibaki kwenye gari lililofungwa, hata dakika tano za kuingia dukani. Ndani ya dakika 20 joto la ndani linaweza kuzidi la nje kwa zaidi ya nyuzi 10, na kuacha kioo wazi kidogo hakusaidii kitu cha maana. Na siku ya mawingu mepesi bado unaungua ngozi, mawingu hayo yanapitisha sehemu kubwa ya mionzi ya jua inayochoma.

Hatua ya 8: Uwanja wa ndege na angani

Umekaa dirishani, nje hakuna hata tone, na wanatangaza safari imechelewa kwa hali ya hewa. Watu wanaanza kelele. Kumbe ndege yenyewe inatoka mji mwingine ambako kuna dhoruba, au kuna radi jirani na uwanja na wafanyakazi wa chini wameamriwa waingie ndani, hakuna wa kupakia mizigo wala kuweka mafuta. Joto kali nalo linachelewesha, hewa ya moto ni nyepesi, mabawa yanapata shida kuinua, kwaiyo wakati mwingine wanapunguza mzigo au abiria. Kumgombeza dada wa kaunta hakubadilishi lolote. Muulize maswali mawili tu: ndege yetu saivi iko wapi, na nikiikosa ya kuunganisha mnaniweka kwenye ipi. Majibu ya hayo mawili yanakuambia ukae au uanze kutafuta mbadala.

Ndege ikitikisika, siti za usawa wa bawa ndio zinatulia kidogo, za nyuma kabisa zinarusha zaidi. Mkanda ufunge muda wote ukiwa umekaa hata taa yake ikizimwa, kuna mtikisiko unaotokea kwenye anga safi kabisa bila wingu na rada ya rubani haiuoni. Ndege kupigwa na radi ni jambo la kawaida, umeme unapita kwenye ngozi ya nje na kutokea upande mwingine, mara nyingi abiria wanasikia kishindo tu na mwanga.

Hewa ya ndani ni kavu, unyevu unashuka chini ya 20%, ndio maana koo na macho vinawasha. Na kuna baridi, hapa ndio soksi zile tena. Pawabenki inakaa nawe ndani ya ndege, hairuhusiwi kwenye mizigo ya chini, kikomo cha kawaida bila kuomba ruhusa ni Wh 100 (wati-saa, kipimo cha umeme inaotunza).

Begi lisipotokea, usiondoke kwenye ukumbi wa mizigo bila kujaza fomu. Hapo ndio ile picha uliyopiga inafanya kazi, maana ukiambiwa ueleze begi lako utasema "jeusi, la matairi" na wanayo meusi ya matairi mia mbili. Kwa safari za kimataifa zilizo chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999, begi lililoharibika unatakiwa ulalamike kwa maandishi ndani ya siku 7 tangu ulipokee, na lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ukabidhiwe. Ukipitisha hapo, madai yako yamekwisha hata kama una haki. Tunza risiti za vitu vya lazima ulivyonunua wakati unasubiri.

Hatua ya 9: Umefika, umelowa chapachapa

Mwili kwanza. Vua vilivyolowa, jikaushe, vaa kile kifurushi cha dharura, alafu ndio uanze kujibu meseji.

Simu ikiwa imeingia maji: usiichomeke chaji, hata kama imebaki 3%, chaji kwenye tundu lenye maji ndio inayounguza. Ifute, ielekeze tundu chini uipige taratibu kwenye kiganja maji yatoke, iache mahali penye upepo. Kama sio simu ya kuzuia maji izime kabisa, toa laini na uiache siku nzima au zaidi. Mchele achana nao, hauvuti maji kuliko hewa ya kawaida na vumbi lake linaingia kwenye matundu. Dryer ya nywele nayo hapana. Maji ya bahari ni habari nyingine, chumvi inakula chuma haraka, hiyo ipeleke kwa fundi mapema.

Pasipoti au karatasi zilizolowa usizipige pasi. Weka tishu kati ya kurasa, lalia na kitu kizito, badilisha tishu zikilowa.

Viatu toa kamba na soli za ndani, jaza magazeti au karatasi yoyote inayonyonya, badilisha baada ya saa moja hivi na tena kabla ya kulala. Usiviweke karibu na moto au hita, ngozi inapasuka na gundi inaachia, asubuhi unavaa kiatu chenye mdomo. Ukivikausha kwa feni vinakauka taratibu ila vinabaki viatu. Begi nalo lifungue usiku huohuo, toa kila kitu, hata vilivyoonekana vikavu, na ligeuze ndani nje. Ukiliacha mpaka kesho litanuka, na ile harufu haitoki kirahisi, utakuwa unaibeba kwenye kila safari na jirani yako kwenye siti atakuwa anaangalia viatu vyake akidhani ni yeye.